Presha Haina Kelele: Kujitunza Kiafya Kabiro, Kawangware na Kibera

Neno kujitunza limezoeleka kusikika katika matangazo ya saluni na mafuta ya uso. Katika afya ya umma lina maana nyingine, na kwa mkaazi wa Kabiro anayeamka saa kumi na moja alfajiri kwenda kutafuta kibarua, maana hiyo ya pili ndiyo yenye uzito. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linaeleza kujitunza kuwa ni uwezo wa mtu, familia na jamii kulinda afya yao, kuzuia magonjwa, na kuishi na maradhi au ulemavu, iwe mhudumu wa afya yuko karibu au hayuko.

Sehemu hiyo ya mwisho isisomwe vibaya. Kujitunza hakuiondolei serikali mzigo wake. Kifungu cha 43 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu zaidi cha afya kinachoweza kufikiwa, na afya ya vituo vya kaunti, maji safi na usafi wa mazingira ni wajibu wa umma. Lakini hata kituo cha afya kilicho bora namna gani humwona mgonjwa kwa dakika chache tu, pengine mara nne kwa mwaka. Siku nyingine zote mgonjwa yuko nyumbani kwake, kazini, njiani, na maamuzi yanayoamua kama atapona au atazidiwa hufanyika huko.

Makala haya yanaangalia maamuzi hayo kwa wakaazi wa Kabiro na Kawangware katika Dagoretti Kaskazini, na majirani zao wa Kibera ng'ambo ya Barabara ya Ngong. Yataanza na presha, kwa sababu ndiyo inayoua kimyakimya na ndiyo ambayo mkaazi wa kawaida anaweza kuidhibiti kwa gharama ndogo akiijua mapema.

Ugonjwa usiopiga hodi

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya kila wanne nchini Kenya alikuwa na shinikizo la damu. Lililotisha zaidi ni kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja. Wengi hugundua siku mzee wa nyumba anapoanguka bafuni na kuamka akiwa amepooza upande mmoja.

Watu husema, "Mimi sina presha, kichwa hakiniumi." Hapo ndipo kosa lilipo. Kwa watu wengi presha haileti maumivu yoyote kwa miaka mingi. Damu inasukumwa kwa nguvu kupita kiasi, mishipa inakakamaa polepole, moyo unafanya kazi ya ziada usiku na mchana, figo zinachoka, na mwenyewe anajisikia yuko sawa kabisa. Kuumwa na kichwa si kipimo. Kipimo ni mashine.

Mashine hutoa namba mbili. Ile ya juu huonyesha nguvu ya damu moyo unapojikaza kuisukuma, na ile ya chini huonyesha nguvu iliyobaki moyo unapopumzika kati ya pigo moja na jingine. Chini ya 120 kwa 80 ni sawa. Ikifika 140 kwa 90 au zaidi, na ikirudia hivyo katika siku tofauti, mhudumu atasema mtu huyo ana presha. Siku moja tu haitoshi kuhukumu, isipokuwa namba ziwe juu sana, kwa mfano 180 kwa 120, ambapo mtu anapaswa kufika kituoni siku hiyo hiyo. Akiwa na maumivu ya kifua, kukosa pumzi, kuona giza au mdomo kupinda, asingoje hata saa moja.

Namna ya kupimwa nayo ina maana, na wengi hupimwa vibaya. Aliyetoka kupanda mlima wa Gatina akiwa amebeba mtungi wa maji, akakaa na kufungwa mashine papo hapo, atapata namba za juu ambazo si zake. Inafaa akae kwanza kimya kwa dakika tano, mgongo ukiwa umeegemea, nyayo zote mbili zikiwa chini, mkono ukiwa juu ya meza usawa wa moyo. Awe hajavuta sigara wala kunywa kahawa au chai ya rangi nzito kwa nusu saa, na awe amekwenda haja ndogo. Asiongee wakati mashine inapima. Kupima mara mbili na kupumzika dakika moja katikati ni bora kuliko kupima mara moja.

Kupimwa si lazima kuanzie hospitalini. Mnamo Septemba 2023 serikali ilizindua rasmi wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 kote nchini, na kuwapa mikoba yenye vifaa, ikiwemo mashine ya kupima presha, ya kupima sukari, kipimajoto na mizani. Kila mhudumu amepangiwa nyumba anazotembelea. Mkaazi asiyemjua wa kwake anaweza kumuuliza mzee wa mtaa au kwenda kuuliza katika kituo cha afya kilicho karibu, kwa mfano Kituo cha Afya cha Riruta kwa watu wa upande wa Kawangware.

Jambo ambalo Kibera iliuonyesha ulimwengu

Kugundua presha ni nusu ya safari, na pengine nusu iliyo rahisi. Ngumu ni kumeza dawa kila siku, mwaka baada ya mwaka, kwa ugonjwa ambao mtu hausikii mwilini. Hapa Kibera ina hadithi yake, ambayo inajulikana zaidi na madaktari wa nchi za mbali kuliko na wakaazi wa Kibera wenyewe.

Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka liliendesha kliniki Kibera kwa miaka mingi, likitibu virusi vya UKIMWI, kifua kikuu, presha na kisukari chini ya paa moja. Wagonjwa waliendelea kuongezeka. Mtu ambaye presha yake ilikuwa imetulia alipoteza siku nzima ya kazi akipanga foleni ili apewe dawa zilezile alizopewa mwezi uliotangulia. Wa kibarua hawezi kupoteza siku namna hiyo mara nyingi. Akikosa mara mbili, mara ya tatu anaona haya kurudi.

Kuanzia Agosti 2013 kliniki ilijaribu njia nyingine. Wagonjwa waliokuwa wametulia waliwekwa katika vilabu vya watu 25 hadi 35. Kilabu kilikutana kila baada ya miezi mitatu. Muuguzi aliwapima presha na uzito, akawauliza maswali machache kuhusu dalili, wakazungumza kidogo kuhusu afya, kila mtu akachukua dawa zake na kwenda zake. Afisa wa kliniki aliwaona mara moja kwa mwaka, au mapema zaidi kama kuna tatizo. Katika mwaka wa kwanza, hadi Agosti 2014, wagonjwa 1,432 waliingia katika vilabu 47. Ziara 2,208 ambazo zingekuwa foleni ya kawaida zilifanyika humo, na kati ya hizo ni 43 tu, yaani kama 2 kwa kila 100, zilizohitaji mgonjwa kupelekwa kwa afisa wa kliniki kabla ya siku yake.

Jambo la pili katika mpango huo halikuwa la kawaida wakati ule: vilabu vilichanganya watu. Mwenye virusi, mwenye presha na mwenye kisukari walikaa benchi moja, na aliyepita mlangoni hakuweza kujua nani ana nini. Katika mtaa ambapo ukuta wa mabati hausitiri hata kikohozi, huo si msaada mdogo. Mwaka 2017 shirika hilo lilikabidhi Kituo cha Afya cha Kibera Kusini kwa Kaunti ya Jiji la Nairobi.

Sasa, si kila kituo kina kilabu. Lakini yaliyofanya vilabu vifaulu yanaweza kuigwa hata bila muuguzi. Majirani watatu wanaomeza dawa za presha wanaweza kupanga siku moja ya kwenda kliniki pamoja, mmoja akapanga foleni mapema kwa niaba ya wenzake. Chama ambacho hukutana kila Jumapili kuchanga pesa kinaweza kumwalika mhudumu wa afya ya jamii aje na mashine yake mara moja kwa mwezi. Wanachama wanaojua namba zao za mkopo kwa kichwa watajua na namba zao za presha.

Dawa zinapoachwa

Sababu za kuacha dawa zinafahamika. Namba zimeshuka, mtu anadhani amepona. Ukweli ni kwamba zimeshuka kwa sababu ya dawa, na akiacha zitapanda tena, mara nyingi bila yeye kujua. Mwingine amesafiri ushago kwa mazishi, siku tatu zikawa wiki mbili, na dawa zimebaki Nairobi. Huyu angeweka kadi ya kliniki na dawa za wiki mbili za ziada katika mkoba wa safari kama anavyoweka kitambulisho. Mwingine tena dawa zimemfanya akohoe, avimbe miguu au apungukiwe na nguvu za kiume, naye ameona aibu kusema. Dawa za presha ziko za aina nyingi. Mhudumu akiambiwa anaweza kubadilisha, asipoambiwa hana la kufanya.

Halafu kuna kugawana. Mama anampa jirani vidonge vyake viwili "ajaribu" kwa sababu jirani naye kichwa kinamuuma. Huo ni wema unaoweza kudhuru, kwani dawa inayomfaa mmoja inaweza kuwa hatari kwa mwenye pumu, mjamzito, au mgonjwa wa figo.

Dawa za maumivu nazo zinahitaji neno. Wanaofanya kazi ya mjengo, wanaofua nguo Lavington na Kileleshwa, wanaosukuma mkokoteni, humaliza siku wakiwa na maumivu ya mgongo na magoti, na dawa za kutuliza kama ibuprofen na diclofenac huuzwa kila kona. Zikitumiwa kila siku kwa muda mrefu hupandisha presha, huumiza tumbo na kudhuru figo. Mwenye presha anapaswa kumweleza muuza dawa hali yake kabla ya kununua. Viuavijasumu navyo havinunuliwi viwili viwili kama sigara: dozi nusu huacha viini vilivyo sugu, na mafua ya kawaida, ambayo huletwa na virusi, hayaponi kwa viuavijasumu hata kidogo. Duka halali la dawa huwa na leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu, na mteja ana haki ya kuuliza ionyeshwe.

Chumvi iliyojificha

Kipimo kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni chumvi isiyozidi gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, yaani karibu kijiko kimoja kidogo cha chai kwa jumla ya vyakula vyote. Mtu akiambiwa hivyo hutazama kopo la chumvi jikoni na kusema yeye hatumii nyingi. Lakini chumvi haikai katika kopo peke yake. Imo katika kiungo cha mchuzi cha paketi, ambacho wengi hukitia juu ya chumvi badala ya kukitia mahali pa chumvi. Imo katika soseji na smoki za barabarani, katika chipsi ambazo muuzaji hunyunyizia bila kuuliza, katika kachumbari, katika mkate.

Kupunguza hakuhitaji pesa. Kinyume chake, huokoa shilingi chache. Anayetumia kiungo cha paketi asitie chumvi nyingine. Nyanya, kitunguu, dania, tangawizi na limau vinaweza kubeba ladha. Ulimi huzoea baada ya wiki chache. Ndani ya nyumba yenye watoto faida ni mara mbili, kwa kuwa mtoto aliyekua na chakula cha chumvi ndogo hatakitafuta cha chumvi nyingi.

Kuhusu chakula kwa ujumla, mashauri mengi yanayosambaa huandikwa kwa watu wenye friji na duka kubwa. Mkaazi anayenunua kwa kipimo cha kadogo hana haja ya kuambiwa habari za parachichi kwa mkate wa nafaka saba. Githeri, ndengu, maharagwe, omena, sukuma wiki, managu na terere ni chakula kizuri kwa viwango vya popote duniani, na vinapatikana Kawangware asubuhi kwa mama mboga. La kuangalia ni mafuta ya kukaangia yaliyotumika mara nyingi hadi yakawa meusi, soda ya kila siku, na sukari katika chai. Chai tatu kwa siku zenye vijiko vitatu kila kikombe ni vijiko tisa.

Ushauri wa mazoezi nao uangaliwe mtu anayeambiwa. Inapendekezwa dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kutosha kuharakisha pumzi. Anayetembea kwa miguu kutoka Kibera hadi Industrial Area na kurudi amepita kiwango hicho kabla ya wiki kufika katikati. Huyo anachohitaji ni viatu vizuri, maji ya kunywa njiani na usingizi. Anayepaswa kutafuta mazoezi ni yule anayekaa: mwenye duka, fundi cherehani, dereva wa matatu, kijana aliye kwenye simu kutwa.

Jiko la makaa na mlango uliofungwa

Kuanzia Juni hadi Agosti Nairobi huingia baridi, na kila mwaka taarifa za familia zilizopatikana zimekufa ndani ya nyumba husikika tena. Chanzo ni kilekile: jiko la makaa limeingizwa ndani ili chumba kipate joto, mlango na dirisha vimefungwa, watu wamelala.

Makaa yanapoungua bila hewa ya kutosha hutoa gesi iitwayo kaboni monoksidi. Haina harufu, haina rangi, haichomi macho. Ndiyo maana moshi unapokwisha na makaa yakawa mekundu mazuri, watu hudhani hatari imepita, kumbe hapo ndipo gesi hiyo inaendelea kutoka. Ikivutwa hushikamana na damu kwa nguvu kuliko oksijeni, na mwili unakosa hewa hata kama mtu anapumua. Dalili za mwanzo ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na ulegevu. Aliyelala hazisikii.

Chumba cha futi kumi kwa kumi kinajaa haraka. Jiko litoke nje kabla ya watu kulala, bila kujali makaa yamebaki kidogo au mengi, na halipaswi kuwashwa ndani bila dirisha au mlango kuwa wazi. Kufunika kwa majivu hakutoshi. Joto la usiku lipatikane kwa blanketi, soksi, na chupa ya maji moto iliyofungwa vizuri na kuviringwa kwa kitambaa. Mtu akipatikana amelegea ndani ya chumba chenye jiko, milango ifunguliwe, atolewe nje apate hewa, na apelekwe hospitalini hata kama amezinduka.

Hata mchana, moshi wa ndani huongeza nimonia kwa watoto wadogo na kuharibu mapafu ya anayepika. Wenye uwezo wa gesi ndogo waitumie kwa vyakula vya haraka, na makaa yabaki kwa githeri ya saa tatu, ikipikwa nje au mlangoni.

Maji yanahitaji maneno machache tu, kwa sababu wakaazi wanayajua. Mabomba ya plastiki yanayopita juu ya mitaro hupasuka, na maji yaliyotoka safi kioskini yanaweza kufika yamechafuka. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, na mtungi wa kunywea uwe tofauti na wa kufulia. Mtoto akiharisha, jambo la kwanza ni mchanganyiko wa ORS pamoja na zinki, na kuendelea kumnyonyesha au kumlisha.

Akili iliyochoka

Mambo ya mwili huzungumzwa hadharani; ya akili hunong'onwa. Mtu aliyekosa kodi miezi miwili, anayemlea mama mgonjwa na watoto wa marehemu dada yake, hana "mawazo mengi" tu. Akikosa usingizi kwa wiki mbili au zaidi, akapoteza hamu ya chakula na ya mambo aliyoyapenda, akajiona hana thamani, hali hiyo ina jina na ina tiba. Ni sonona, na wahudumu katika vituo vya afya wanaweza kuanza kumsaidia au kumwelekeza mbele, ikiwemo Hospitali ya Mbagathi.

Wanaotunza wengine ndio husahaulika zaidi. Katika nyumba yenye mgonjwa aliyepooza, kwa kawaida ni mwanamke mmoja anayemgeuza, kumwogesha, kumlisha, na kisha kwenda kutafuta pesa. Kumpa nafasi ya alasiri moja kwa wiki alale au aende kanisani, msikitini au kwa rafiki ni huduma ya afya kamili, na ndugu wengine wana uwezo wa kuitoa bila shilingi.

Usingizi ni shida ya pekee kwa mabawabu na wengine wa zamu za usiku, ambao ni wengi katika mitaa hii. Mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi. Anayelala mchana katika nyumba ya mabati yenye joto na kelele atapata nusu yake asipojipanga: pazia nzito, pamba masikioni, saa zilezile kila siku, na makubaliano na majirani kuhusu redio. Pombe haileti usingizi mzuri. Humlaza mtu haraka na kumwamsha saa nane usiku, na chang'aa isiyojulikana ilikotoka inaweza kuwa na methanoli, inayopofusha na kuua.

Kwa aliyefikia kuwaza kujiua, sheria imebadilika kwa namna inayofaa ijulikane. Kwa miaka mingi kujaribu kujiua lilikuwa kosa la jinai, na familia zilificha jambo hilo kwa kuogopa polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilicholifanya kuwa kosa, kinakiuka Katiba. Asiyesema kwa hofu ya kushtakiwa ana sababu moja pungufu ya kunyamaza. Kumuuliza mtu waziwazi kama anawaza kujiua hakumtii wazo hilo kichwani. Mara nyingi humpa nafasi ya kwanza ya kupumua.

Vipimo vya kujifanyia na mahali pa kwenda

Mwenye kutaka kujua hali yake ya virusi vya UKIMWI bila kuonwa na mtu anaweza kutumia kifaa cha kujipima, ambacho kimekuwepo nchini tangu 2017 na kinapatikana katika maduka ya dawa na baadhi ya vituo. Kikionyesha kuna virusi, jibu hilo si la mwisho hadi lithibitishwe kituoni. Wanawake wa umri wa miaka 25 hadi 49 wanashauriwa kupimwa saratani ya mlango wa kizazi hata kama hawana dalili. Mwenye kisukari anapaswa kutazama nyayo zake kila jioni, katikati ya vidole pia, hasa msimu wa matope anapovaa sandali: jeraha dogo asilolisikia linaweza kumgharimu mguu.

Kuhusu malipo, Bima ya Afya ya Jamii ilichukua nafasi ya NHIF kuanzia Oktoba 1, 2024. Kujiandikisha kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, hufanywa kwa simu yoyote kwa kupiga *147#, au kwa msaada wa mhudumu wa afya ya jamii. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba aliyejiandikisha ana haki ya huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya vya ngazi ya 2 na ya 3 hata kabla ya kulipa mchango, kwa kuwa huduma hizo hugharamiwa na Hazina ya Afya ya Msingi. Presha hupimwa na kutibiwa katika ngazi hiyo. Mchango, ambao kwa asiye na mshahara hukadiriwa kulingana na hali ya nyumba na hauwi chini ya shilingi 300 kwa mwezi, ndio unaofungua milango ya kulazwa na matibabu ya hospitali kubwa.

Wakati wa kiharusi, dakika zina thamani kuliko karatasi. Mtu aombwe atabasamu, ainue mikono yote miwili, na aseme sentensi nyepesi. Uso ukipinda upande mmoja, mkono ukianguka, au maneno yakivurugika, asipewe chakula, maji wala dawa ya mwenzake, saa iliyoanza ikumbukwe, na apelekwe hospitalini mara moja, usiku au mchana.

Namba za simu zifuatazo hazitozwi malipo: 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya kwa ushauri nasaha, 1192 ya NACADA kwa wanaotaka kuacha pombe au dawa za kulevya, au jamaa zao, 1195 kwa aliyedhulumiwa kijinsia, na 116 kwa mtoto aliye hatarini.

Anayekwenda kupimwa kwa mara ya kwanza abebe kitambulisho na majina ya dawa zote anazotumia, zikiwemo za mitishamba. Akishapimwa, aandike tarehe na namba zote mbili katika daftari au ndani ya jalada la kadi, ili mhudumu wa mara ya pili, hata akiwa mwingine, aone zilikotoka.